Mbona bei ya paneli imezidi bei ya vifaa vyake?

Lalamiko hili haliishi kwetu sisi tunaounda paneli za umeme za kuendesha mashine. Mteja anajumlisha bei ya breka, kontakta (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme), relei (swichi ndogo ya aina hiyo) na sanduku, anakuta jumla iko chini kabisa ya ankara yetu, kisha anauliza hela nyingine inakwenda wapi. Juzi mmoja alitamka wazi kwamba tumemwibia. Hatukumwibia. Hela hiyo ni ya kufunga nyaya, na hapo ndipo paneli inapodumu au kufa mapema.

Chukua ncha ya waya tu. Waya wa paneli una nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Ukiuchomeka hivyohivyo kwenye terminali, yaani kiungio cha waya, skrubu inazitawanya, nyingine zinakatika, na uzi mmoja ukichomoza unaweza kugusa terminali ya jirani. Sisi kila ncha tunaivalisha feruli, kile kibomba cha shaba chenye shingo ya plastiki. Tunaibana kwa koleo lake, tunaivuta kuona kama imeshika, ndipo tunakaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo, kwa mkazo alioutaja mtengenezaji. Paneli ya wastani ina mamia ya ncha za namna hiyo.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuchovya ncha kwenye lehemu. Inang'aa, inaonekana ngumu, na siku ya kwanza mashine inawaka vizuri. Lakini lehemu ni laini. Ikikandamizwa na skrubu hubonyea taratibu, mbano unalegea, ukinzani unapanda, na joto linafuata. Tuliwahi kuitwa kwenye pampu iliyokuwa ikijizima kila mara. Walishabadilisha ovalodi (kinga ya mota), wakabadilisha na kontakta. Ugonjwa ulikuwa kwenye fezi moja: plastiki ya terminali imegeuka kahawia, skrubu inazunguka kwa vidole, na waya uliotoka humo una ncha ya lehemu. Vile vifaa viwili vilivyotupwa vilikuwa vizima.

Mteja mwingine alitaka tuache kuweka namba za waya ili bei ishuke. Tulikataa, akapeleka kazi kwingine. Baadaye tuliitwa kutafuta hitilafu kwenye paneli hiyohiyo: nyaya zote nyeusi, hakuna namba, hakuna mchoro. Relei ya volti 24 ilikuwa imekufa. Kuibadilisha ni dakika chache; kuitafuta kulikula zamu nzima, mashine imelala.

Rangi nazo si pambo. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinapendekeza nyeusi kwa nyaya za nguvu, nyekundu kwa udhibiti wa AC, bluu kwa udhibiti wa DC, na chungwa kwa nyaya zinazobaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Fundi asiyejua paneli yako akifungua mlango na kuona chungwa, anajua mkono wake usiende pale. Njano na kijani pamoja ni ya ethi, basi. Tumeshakuta imetumika kama fezi kwa sababu waya mwingine uliisha dukani. Hilo linaweza kuua mtu.

Na tafadhali, msitoboe mlango kuongeza taa au kitufe bila kufunika vilivyomo ndani. Vipande vya chuma huingia kwenye kontakta, na hitilafu yake hutokea baada ya miezi, wakati hakuna anayekumbuka ile drili.

Ukibanwa na bajeti, tuzungumze kuhusu chapa ya vifaa, idadi ya taa za ishara, au kama skrini ya kugusa inahitajika kweli. Feruli, namba na vipimo havipunguzwi. Kabla paneli haijatoka tunapima mwendelezo wa ethi (kwamba njia yake haijakatika popote), kisha, kwa volti 500 za DC, ukinzani wa insulesheni (maganda ya nyaya), ambao haupaswi kushuka chini ya megaomu 1. Matokeo tunayaandika na kuyaweka mfukoni mwa mlango pamoja na mchoro.

Kuanzia sasa ankara itatenganisha vifaa, saa za kufunga nyaya, na vipimo. Anayetaka kukagua, aje karakana paneli ikiwa bado wazi, avute waya wowote anaoutaka.