Gemu imenipandisha mkono, msizidharau

Mhariri, kuna msomaji aliandika hapa majuzi kwamba hizi miwani za VR, zile zinazofunika macho ukajiona uko dunia nyingine, ni ugonjwa mpya wa watoto wa mjini, mtu anavaa lidude usoni anarusharusha mikono sebuleni kama kapagawa. Kwa watoto sibishani naye, wa kwangu nimewagombeza mpaka basi. Ila kuna upande hajauona, mimi nimeuona kwa bega langu mwenyewe.

Mwaka jana nilianguka na bodaboda pale Rangi Tatu, wala si ajali ya kusimulia, pikipiki iliteleza kwenye mchanga tu nikatanguliza bega la kulia, likachomoka. Hospitali wakalirudisha, nikafungwa mkono, ulipofunguliwa nikaambiwa sasa dawa ni mazoezi. Hapo ndo shughuli ilipoanza. Unatembeza vidole ukutani kama buibui, mara kumi, pumzika, mara kumi tena, asubuhi mchana jioni, unapofika unaweka alama ya penseli. Ukuta wa chumbani kwangu ulijaa alama zimesongamana sehemu moja, usawa wa pua, haziendi juu haziendi chini. Nikaanza kudanganya. Nikiulizwa mwalimu umefanya? Nimefanya. Kumbe siku ya tatu sijagusa ukuta, na mimi huyohuyo mtoto akija bila homuweki namsimamisha mbele ya wenzake! Darasani nikawa naandika nusu ya chini ya ubao tu, wale wa nyuma wanapanda madawati kuchungulia.

Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitali, alinieleza vizuri: bega ni chungwa limewekwa juu ya kisahani cha kahawa, siyo kama nyonga iliyozama kwenye shimo lake, ndo maana mkono unazunguka kila upande na ndo maana unachomoka kirahisi. Kuna misuli minne midogo inayolizunguka na kulishikilia, usipoitumia inalegea, na kiungo chenyewe kinakakamaa. Halafu kuna woga. Mkono ukishachomoka mara moja akili inagoma kuupandisha hata kama bega lina uwezo.

Sasa mdogo wangu akaja na hiyo miwani. Sikuivaa hivihivi, nilimuuliza kwanza dada wa fizio, akasema kwa hatua uliyofika ruksa, ila kaa kwenye kiti, dakika kumi tu, usirushe mkono kwa nguvu na usiupeleke nyuma ya kichwa. Gemu inaitwa Beat Saber, wameitengeneza watu wa Prague. Unashika vidude viwili, mle ndani vinakuwa mapanga ya mwanga, maboksi yanakuja na mdundo wa muziki unayakata. Boksi likija juu huna muda wa kuliuliza bega, unakata! Navua miwani jasho linanitoka, mdogo wangu anacheka, dada mkono wako ulikuwa juu ya kichwa. Nikabisha. Kesho yake nikaenda ukutani, alama mpya ikaziacha zile za zamani kiganja kizima.

Na jambo lenyewe si geni hata kidogo. Kule Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington tangu miaka ya 1990 walikuwa wanawavalisha miwani wagonjwa walioungua moto wakati wa kusafishwa vidonda, mtu anajikuta kwenye dunia ya barafu anarusha madonge ya theluji, akili ikishughulika huko maumivu yanapungua. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu programu ya VR kwa maumivu sugu ya mgongo.

Ila msikimbilie kununua mkajitibu nyumbani. Gemu inaona mikono na kichwa tu. Mimi nilikuwa napandisha bega zima mpaka sikioni na kupinda kiuno ili nifikie boksi, gemu inanipa pointi zangu kama kawaida, dada wa fizio ndo aliyenishtukia, akaweka kiganja juu ya bega akaniambia haya kata sasa. Pointi zikashuka vibaya mno. Na kuna kizunguzungu, siku ya kwanza nilitaka kutapika.

Ninachoomba, wakuu wa vitengo vya fizio hapa Dar wajaribu. Miwani ya VR inayoitwa Quest 2 ilipotoka 2020 ilikuwa dola 299, kama laki saba za wakati ule, kuna watu wanapanga foleni ya fizio wameshika simu ya bei kuliko hiyo. Miwani moja inahudumia wagonjwa wengi kwa zamu, kikubwa ifutwe jasho. Na nyie vijana wa kompyuta mnaosema hamna kazi, tutengenezeeni gemu yetu basi, mtu aangue maembe, aanike nguo kwenye kamba, ashike bomba la juu kwenye daladala, na fizio awe anapandisha embe taratibu kadiri mkono unavyofunguka. Bibi wa Mbagala hawezi kukata maboksi kwa mapanga ya mwanga, lakini embe ataliangua.

Mimi kwa sasa tarehe naiandika juu kabisa ya ubao. Kupeleka mkono nyuma ndo bado, zipu ya gauni namuita binti yangu anifunge.

Mwalimu wa darasa la nne,
Mbagala, Dar es Salaam