Mkimkata alama, mwelezeni sababu

Mhariri,

Mpwa wangu wa gredi ya sita kaandika "I want the big" na "This is my". Zote mbili zimekatwa, na pembeni hakuna neno la maelezo. Nawaomba walimu wa Kiingereza hapa Lamu wawaeleze watoto sababu, kwani ipo na si ngumu.

Mimi nauza vikoi Usita wa Mui. Kutwa wateja huniambia "nipe chekundu", "hebu hicho kikubwa", "kile cha juu". Hakuna anayetaja kikoi, na hakuna niliyempa leso. Ile "ki" au "ch" ya mwanzo yatosha. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho: "red" ni ile ile, iwe ya kikoi, ya mashua au ya kanzu (punda mwekundu bado sijamwona). Ndiyo maana wenyewe huongeza "one", wakasema "the red one", ili kushika nafasi ya nomino iliyoachwa.

Idadi haihitaji msaada huo: "I bought two." Vivyo hivyo "these" na "the biggest". "My" hugeuka "mine". "Every" haisimami peke yake kabisa, lakini hapo mtoto wetu asishangae, maana hata sisi hatusemi "nipe kila" tukanyamaza. Twasema kila kimoja.

Linalopitwa mbio darasani ni ulinganishi. Mgeni akisema "I prefer the red to the blue", hakutaja kikoi wala "one", na hajakosea, kwa sababu rangi mbili zimekabilishwa. Kinachoshindanishwa hubaki, kinachojulikana huachwa. Kwetu ni hivyo hivyo: "Asha kachukua chekundu, mimi cha buluu." Tukichukua chekundu sote, sitairudia rangi, nitasema "mimi pia". Lakini mteja nikimfungia leso kimakosa, hana budi kutaja jina: "Nilitaka kikoi chekundu, si leso nyekundu." Ubishi sasa uko kwenye nomino yenyewe, haiachiki.

Sauti nayo hufuata. Katika "the blue one" mkazo uko kwenye "blue". Vijana wanaopeleka wageni Shela kwa mashua hukazia "one", na mgeni hudhani anahesabiwa.

Mwalimu anayetaka vikoi vya rangi mbalimbali vya kufundishia somo hili aje dukani, nitamwazima. Ila anirudishie kabla ya Maulidi, wakati huo biashara ndiyo biashara.

Muuza vikoi,
Lamu