Tom Brady alichanwa kwa ridhaa yake, wengine hawakuulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaofufuka kila mara video za Tom Brady akichanwa, yaani akitaniwa bila huruma, jukwaani zinapozungushwa upya kwenye simu za watu. Wanaolaani husema Wamarekani wamekosa haya. Wanaotetea hujibu kuwa ni utani tu, asiyetaka azime. Wote wanabishania vipande vya nusu dakika vya shughuli iliyochukua takribani saa tatu, ndiyo maana hawaelewani.

Tuwekane sawa kwanza. Jumapili ya Mei 5, 2024, katika ukumbi wa Kia Forum, Inglewood, jirani na Los Angeles, Netflix ilirusha moja kwa moja rosti ya Brady, mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani mwenye mataji saba ya Super Bowl, sita akiwa New England Patriots na moja Tampa Bay Buccaneers. Rosti hii haihusiani na ndizi rosti. Ni tafrija ambamo mtu maarufu huketishwa mbele ya marafiki na wachekeshaji, wakamsema kila aibu yake, kisha yeye akapewa zamu ya kuwajibu. Mshereheshaji alikuwa Kevin Hart. Waliopanda ni pamoja na Nikki Glaser, Jeff Ross, Andrew Schulz na Tony Hinchcliffe kwa upande wa wachekeshaji, na kwa upande wa mpira Peyton Manning, Drew Bledsoe, Rob Gronkowski na kocha wake wa zamani, Bill Belichick.

Mchezo huu ulianzia nyuma ya milango iliyofungwa. Friars Club ya New York, chama cha watu wa burudani, ilianza karamu za namna hii karibu na mwaka 1950, na kwa miongo kadhaa wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1983 mchekeshaji Phyllis Diller alilazimika kuvaa kiume ili aione karamu ya mchekeshaji mwenzake Sid Caesar. Matusi yalikuwa mazito kwa sababu hayakutoka nje. Televisheni ilipoingia ililazimika kuyapunguza makali. Zile za Dean Martin zilizoonyeshwa na NBC kuanzia 1974 hadi 1984 zilikuwa za kistaarabu, tena zilishonwa kwenye chumba cha uhariri: mtu unayemwona akicheka huenda alirekodiwa wakati mwingine kabisa, akichekea kitu kingine. Comedy Central, kituo cha televisheni cha vichekesho, ilipoanzisha mfululizo wake mwaka 2003 ilirudisha ukali, lakini bado ilirekodi kwanza na kukata baadaye. Usiku wa Brady haukuwa na mkasi. Kilichotoka kinywani kiliingia sebuleni hapo hapo.

Sasa niseme jinsi kitu hiki kinavyoundwa, kwa sababu wengi wanaokijadili hawajawahi kukitazama kikitengenezwa. Mshereheshaji hufungua. Kila mzungumzaji hupewa dakika chache, na kwa desturi haanzi na mwenye kiti, yaani mhusika anayechanwa: huwachana kwanza wenzake walioketi jukwaani, mmoja mmoja, ndipo amgeukie mhusika, na hufunga kwa sentensi moja ya heshima ya kweli. Sentensi hiyo watu huiona kama adabu tu, kumbe ndiyo inayouambia ukumbi kwamba yote yaliyotangulia yametoka kwa mtu anayekujali. Mchekeshaji Chevy Chase alichanwa New York mwaka 2002, na marafiki zake wa kweli wachache sana walijitokeza. Jukwaa likajaa watu asiowajua vizuri. Alikaa na miwani ya jua, uso umekauka, na usiku mzima ukageuka kuwa kitu cha kusikitisha. Maneno yenyewe hayakuzidi ukali ya rosti nyingine. Kilichokosekana ni undugu.

Mzaha wenyewe una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni jambo la kweli linalojulikana na kila mtu ukumbini, wa pili ni kona ambayo hakuna aliyeitarajia. Mguu wa kwanza ukihitaji maelezo, mzaha umekufa. Na hapa ndipo sisi tunaotazama kutoka Afrika Mashariki tunapopotea. Mambo ya Brady yaliyokuwa mezani usiku ule yalikuwa mengi: kwamba mwaka 2000 timu zilimpuuza hadi akachaguliwa wa 199 katika uteuzi wa wachezaji wapya, kwamba alifungiwa mechi nne mwaka 2016 kwa kashfa ya mipira iliyopunguzwa upepo, kwamba alimpokonya Bledsoe namba mwaka 2001, kwamba aliitangaza FTX, kampuni ya sarafu za kidijitali iliyoanguka Novemba 2022, na kwamba ndoa yake na mwanamitindo Gisele Bündchen ilivunjika Oktoba mwaka huo huo. Jaribu kumtafsiria mtu wa Tandika mzaha wa mipira iliyopunguzwa upepo. Utahitaji sentensi nne, na ukimaliza hakuna atakayecheka. Talaka haihitaji maelezo. Kwa hiyo vipande vinavyowekewa maandishi ya Kiswahili na kusambazwa huwa vile vya talaka, na mtu akishatazama vitano anaamini usiku mzima ulikuwa wa kumsema mke wa mtu.

Hata hivyo, talaka ilitajwa kupita kiasi, na hilo ni kosa la kiufundi kabla halijawa la kimaadili. Wazungumzaji zaidi ya kumi wakiandaliwa kila mmoja na maandishi yake, wote watachuma tunda linaloning'inia chini. Mzaha wa kwanza kuhusu jambo fulani hushtua, wa tatu huchekesha kwa ustadi wake tu, na wa saba humfanya mtazamaji aanze kumhurumia asiyekuwepo. Dawa yake inajulikana: mtayarishaji mkuu hukusanya maandishi ya wote, huandika mada ubaoni, na kila mada huwekewa ukomo. Katika kipindi kilichorekodiwa, mkasi huifanya kazi hiyo baadaye. Katika matangazo ya moja kwa moja, usipoifanya mapema umechelewa.

Mengine yaliyoharibika usiku ule yanaeleza kanuni zile zile. Kim Kardashian alizomewa alipopanda, na ilimchukua muda kuanza. Toleo lililobaki baadaye kwenye Netflix lilipunguzwa ile zomeazomea, kwa hiyo anayelitazama leo haoni walichokiona watu usiku wenyewe, jambo ambalo mwandishi wa habari anapaswa kulisema anapolirejelea. Mwigizaji Ben Affleck naye alizama kwa sababu nyingine. Alitumia zamu yake kuwafokea mashabiki wanaokosoa wachezaji mtandaoni. Hao hawakuwa wameketi kwenye kiti. Ukumbi haukujua anamchana nani, ukanyamaza. Nikki Glaser, kinyume chake, alimlenga Brady mwenyewe, maneno yake mafupi, hana sentensi ya ziada, na Januari 2025 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake sherehe za tuzo za filamu na televisheni za Golden Globes. Sisemi rosti ndiyo iliyompa kazi hiyo, ila aliyeutazama usiku ule hakushangaa.

Nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jeff Ross alipotoa mzaha uliomgusa Robert Kraft, mmiliki wa Patriots, Brady alinyanyuka kitini, akamwendea, na kipaza sauti kikanasa akimwambia asirudie tena. Watu wengi walilichekelea tukio lile kama kioja. Mimi naona ndilo somo la usiku mzima. Kraft alikuwa ukumbini. Alikuwa na mdomo, alikuwa na zamu, na kweli alipanda jukwaani, hata akanywa tone la suluhu na Belichick kwa kushinikizwa na Hart. Huyo ndiye aliyetetewa. Bündchen hakuwepo, na watoto watatu wa Brady hawakuwa na kipaza sauti popote. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa Bündchen alichukizwa na jinsi familia yake ilivyotajwa. Siku chache baadaye, katika mahojiano ya podikasti, Brady mwenyewe alisema mizaha iliyomhusu yeye aliifurahia, lakini hakupenda jinsi ilivyowagusa wanawe. Aliyasema hayo baada ya kusaini mkataba na baada ya maji kumwagika.

Kwa hiyo swali la "je, walizidisha?" halitufikishi mbali, maana kwa mwenye kiti kuzidisha ndiyo kazi yenyewe. Swali linalofaa ni kama anayepigwa na neno hilo ameketi ukumbini, amekubali, na atajibu. Ridhaa ya mtu mzima haimfuniki mtoto wake, wala aliyekuwa mke wake.

Mfano wa Hinchcliffe unaonyesha hili wazi kuliko hoja yoyote. Mei alikuwa kwenye jukwaa la Brady na akashangiliwa. Oktoba 27 mwaka ule ule alipanda Madison Square Garden, New York, kwenye mkutano wa kampeni wa Donald Trump, akatumia ufundi ule ule kuiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Mchekeshaji alikuwa yule yule na mtindo ule ule, lakini siku ile hapakuwa na kiti wala zamu ya kujibu, na waliochanwa ni mamilioni ya watu waliokuwa nyumbani kwao. Kampeni yenyewe ikalazimika kujitenga na mzaha huo. Trump huyo huyo alipochanwa na Comedy Central mwaka 2011, waandishi walieleza baadaye kuwa aliweka mpaka mmoja: wasimseme kwamba utajiri wake ni mdogo kuliko anavyodai. Mwenye kiti anaruhusiwa kuchora mstari. Mtu wa San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, hakuulizwa achore wake.

India nao walipata lao. Desemba 2014 kundi la wachekeshaji la AIB liliandaa rosti ya waigizaji Ranveer Singh na Arjun Kapoor mjini Mumbai, mbele ya watu wapatao 4,000 waliolipa kiingilio wakijua wanachokwenda kusikia. Kasheshe lilianza video ilipowekwa YouTube mwezi uliofuata. Malalamiko yakafika polisi, na mwanzoni mwa Februari 2015 ikaondolewa. Maneno yalibaki yale yale. Hadhira ndiyo iliyobadilika.

Wanaosema mambo haya ni mageni kwetu wamesahau utani. Mpare na Mchaga, Mnyamwezi na Mzaramo, wanasemana hadi msibani, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Lakini utani una deni: ukinichana leo kwenye msiba wangu, kesho msiba ukiwa kwako nami nitakuja. Ile ndiyo zamu ya kujibu, isipokuwa imecheleweshwa. Hata Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu kuna mechi ya marudiano. Mchongoano wa Nairobi, mchezo wa vijana wa kutaniana kwa maneno, humtaja mama wa mwenzio kila sentensi, ila ni mama wa kubuni, mnene kuliko basi, na chumvi hiyo nyingi ndiyo kinga yake. Rosti ya televisheni imeacha chumvi na kuchukua ukweli, tarehe na majina. Hapo ndipo inapochoma.

Kwa vituo vyetu vinavyotamani kujaribu kitu cha namna hii, nashauri waanze na kipindi cha kurekodi. Rekodini dakika 120 mpate 60. Wazungumzaji sita wanatosha, dakika sita kila mmoja, na angalau wanne wawe watu wanaomjua mhusika kwa miaka. Mhusika aandike mwenyewe orodha ya asiyotaka yaguswe na aisaini, kisha aulizwe swali la pili ambalo mara nyingi husahaulika: ni nani mwingine atakayeumia akitajwa, na je, huyo naye ameulizwa? Watoto na wagonjwa watoke kwenye maandishi bila mjadala. Mwanasheria asome maandishi ya wote siku tatu kabla, si saa mbili kabla, maana mzaha unaodai mtu ameiba bila hukumu ya mahakama si mzaha tena. Maandishi yajaribiwe kwenye ukumbi mdogo, na nusu yake itupwe. Mhusika apewe dakika kumi za mwisho, kamera isimwache. Kwa Kenya, kanuni za matangazo zinataka kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vipindi viwe vya kufaa familia nzima, kwa hiyo kitu hiki ni cha baada ya saa 4, na tangazo lake la kukinadi lisipenyezwe katikati ya katuni.

Vipande vya mtandaoni navyo vishonwe na jibu. Ukikata sekunde 20 za aliyechana, ongeza sekunde 10 za aliyechanwa akijibu au akicheka. Gharama yake ni ndogo, na hasira nyingi zingepungua.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapoandika kuhusu rosti ya mtu maarufu, habari iseme ilifanyika lini, ilirushwa moja kwa moja au ilikatwa, waliotajwa walikuwepo au la, na mhusika alijibu nini mwishoni. Mzaha usiotafsirika uachwe, usigeuzwe tusi kwa Kiswahili. Na picha za watoto wa mhusika zisitumike kupamba ukurasa.

Mwandishi wa vichekesho vya jukwaani,
Dar es Salaam