Barua ya wazi kwa wanangu mnaouguza katika hospitali za serikali

Wanangu,

Poleni kwa kuuguza. Nawaandikia ninyi mnaokesha kwenye korido na chini ya miti ya hospitali zetu hapa Tanzania, mkimsubiri mzazi, mwenza au mtoto apate nafuu. Isomeni barua hii mgonjwa angali nyumbani, maana siku ya kulazwa ikifika akili haitulii.

Mtu akitoka hospitali na manung'uniko, hutaja dawa zilizokosekana, foleni, na kauli za baadhi ya wahudumu. Hayo yapo, na mimi niliyestaafu katika uuguzi sitayafunika. Lakini kuna jingine ambalo halisemwi sana, nalo linaumiza: habari za mgonjwa hukatika njiani. Hukatika kati ya zahanati na hospitali ya wilaya, kati ya maabara na wodi, kati ya zamu ya usiku na ya asubuhi, na kati ya kaka aliyelala jana na dada aliyefika leo. Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: kila familia ichague mtu mmoja wa kushika habari za mgonjwa, na mtu huyo awe na daftari na kalamu. Wengine walete uji, wafue, wachangie nauli. Kuongea na daktari iwe kazi ya huyo mmoja, na akipumzika amkabidhi daftari anayempokea.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima, umri, namba ya faili, maradhi aliyo nayo siku zote, dawa anazotumia nyumbani na zile zinazomdhuru. Msiandike "dawa ya presha", kwani ziko za aina nyingi na hufanya kazi tofauti. Andikeni "amlodipini miligramu 10, kidonge kimoja asubuhi", au bebeni pakiti zenyewe kwenye mfuko. Miti shamba nayo itajwe. Daktari hakuulizi ili akuaibishe. Baadhi ya dawa hizo huumiza ini na figo, na asipojua atahangaika kutafuta chanzo mahali ambapo hakipo. Kurasa zinazofuata ni tarehe, saa, nani kasema nini, kipimo gani kimechukuliwa, jibu limetoka lini.

Sasa rufaa. Ngazi zetu zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, na juu kabisa Muhimbili. Ukiruka ngazi bila fomu ya rufaa, utaanza upya kama mgonjwa wa kwanza, na bima inaweza kukataa kulipia. Mgonjwa wa dharura ni suala jingine: huyo apelekwe moja kwa moja idara ya dharura, karatasi zifuate. Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa siku 28 kurudi chini wana usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, simu ya bure. Iandikeni ukutani.

Fomu ya rufaa someni kabla ya kuondoka. Itaje tatizo, presha, mapigo ya moyo, joto, vipimo vilivyofanyika, na dawa alizopewa pamoja na saa alizopewa. Saa ndizo zinazosahaulika. Chukueni malaria kali. Sindano ya artesunati hutolewa ya kwanza mgonjwa akifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza, kisha moja kila siku mpaka aweze kumeza vidonge. Zahanati ikimchoma saa 3 usiku na isiandike, hospitali ya wilaya haitajua kama ya pili ni saa 3 asubuhi au vipi. Wengine wataanza upya, wengine watachelewesha. Mstari mmoja kwenye daftari lako unamaliza utata huo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na hospitali, na risiti hutunzwa kwenye daftari. Anayedai pesa mkononi bila risiti anavunja sheria, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113. Lakini kuna haki ambayo watu huichelewa. Uchangiaji wa gharama ulipoanza 1993, Serikali iliweka makundi ya msamaha, na Sera ya Afya ya 2007 ikayataja: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, wenye magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na VVU, na watu maskini kabisa. Asiye na uwezo apelekewe jina lake ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ile ile ya kulazwa, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji ifuate haraka. Wengi huenda siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshajaa kwenye mfumo, na hapo afisa ustawi anakuwa na kazi ya kufuta kilichokwisha kuandikwa badala ya kumfungulia mgonjwa msamaha tangu mwanzo.

Nije kwenye vipimo, maana hapa ndugu mna kazi ambayo hamkuiomba. Hospitali nyingi hukukabidhi kichupa cha damu upeleke maabara mwenyewe. Kabla hujatoka wodini, soma jina na namba kwenye kichupa, ulinganishe na fomu. Kisha nenda moja kwa moja. Usikitikise, usikiweke juani, usipitie kantini. Damu ikitikiswa sana au ikikaa kwenye joto, chembe zake hupasuka na potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika, basi jibu linaonyesha potasiamu iko juu kumbe mgonjwa hana tatizo hilo. Damu itachukuliwa tena, na siku imepotea. Mkojo uwe wa katikati: aanze kukojoa kidogo chooni, kinachofuata ndicho akikinge, na kifike maabara ndani ya saa moja. Makohozi ya kupima kifua kikuu yanayofaa zaidi ni ya alfajiri, yaliyotoka kifuani kwa kukohoa. Mate hayasaidii. Ukishakabidhi, uliza jibu linatoka saa ngapi na linafikaje wodini, kwa mfumo au kwa karatasi. Jibu lililokaa kwenye droo ya maabara tangu jana halimtibu mtu.

Madaktari hupita wodini asubuhi, na hiyo raundi ndiyo nafasi yenu. Mara nyingi ndugu hutolewa nje. Basi mpeni muuguzi maswali mapema, au ombeni kwa heshima kuonana na daktari baada ya raundi. Maswali yawe matatu tu: mnadhani ni ugonjwa gani, leo kinafanyika nini, na dalili gani nikiiona niite haraka. Yaandike majibu mbele yake. Daktari akiona unaandika, husema kwa uangalifu zaidi. Na kabla ya kutia sahihi ya upasuaji, uliza unafanywa wa nini, una hatari gani, na kuna njia nyingine au hakuna. Ukikubali, fuata amri ya kufunga bila kumhurumia mgonjwa. Chakula ni mwiko saa 6 kabla, na maji huachwa saa 2 kabla, au zaidi kama walivyokuambia. Kikombe kimoja cha chai kilichotolewa kwa siri kinaweza kumrudi akiwa usingizini na kuingia kwenye mapafu.

Usiku muuguzi mmoja anaweza kubaki na wodi nzima. Anawategemea kwa macho, lakini mwambieni kitu kinachoshikika. "Sista, mgonjwa wangu hali mbaya" analisikia mara nyingi kila zamu. Sema hivi: "Sista, kitanda namba 14, asubuhi alikuwa anaongea, sasa hajibu, na nimehesabu pumzi 34 kwa dakika." Hapo atainuka. Kuhesabu pumzi ni rahisi: tazama kifua kikipanda, hesabu kwa dakika nzima kwenye saa ya simu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Akifika 30, ita mtu hata kama anasema hajambo.

Kuna mambo mawili ya wodini ambayo nataka myashike vizuri. La kwanza ni insulini na chakula. Muuguzi huchoma insulini ya haraka akitarajia mgonjwa ale mara moja. Uji uko kwenye chupa, chupa iko mkononi mwa dada, na dada yuko getini kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa haijafika. Sukari inashuka: jasho jembamba kwenye paji la uso, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, mwisho kupoteza fahamu. Majirani wa kitanda wanadhani amelala. Kwa hiyo chakula cha mgonjwa wa kisukari kifike kabla ya sindano, na mwambieni muuguzi kama bado hakijafika ili asubiri kuchoma. Dalili zikianza na mgonjwa anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji na muite muuguzi. Akiwa hana fahamu msimtie kitu mdomoni hata kidogo. Kimbieni mkaite, atachomwa sukari kwenye mshipa.

La pili ni damu. Kwanza, damu yenyewe haiuzwi. Mtaombwa kuchangia ili akiba irudi, naye mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, akiwa amekula na kunywa maji ya kutosha. Wanaume huchangia kila baada ya miezi 3, wanawake miezi 4. Chupa ikiletwa, ombeni kusikia jina, namba ya faili na kundi la damu vikisomwa kwenye chupa na kwenye faili, mbele ya kitanda. Hilo si kumtilia shaka muuguzi. Ndivyo tulivyofundishwa kufanya, watu wawili wakisoma. Kisha kaeni naye. Dakika 15 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Akisikia baridi, akitetemeka, kiuno kikimuuma, akiwashwa au akibanwa kifua, piga kelele ya kuita ili damu ifungwe papo hapo. Na msifungulie zaidi ile gurudumu ndogo ya kwenye mrija ili imalizike upesi. Damu inayoingia kwa kasi, au dripu ya maji, inaweza kuujaza moyo wa mzee au wa mtoto mwenye utapiamlo ukashindwa.

Kwa mgonjwa wa kiharusi au yeyote asiyejigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, na saa ziandikwe. Vidonda vya mgandamizo huanzia juu kidogo ya makalio, nyongani na kwenye visigino, kwa wekundu au weusi usiopotea ukiubonyeza. Wengi hujaza glovu maji na kuiweka chini ya kisigino. Iacheni, maana uzito wa mguu bado unaishia pale pale. Wekeni khanga iliyokunjwa au mto chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Akilishwa kwa mpira wa puani au mdomoni, akae ameinuliwa, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila akimeza maji, acheni kumnywesha na mseme. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu.

Mkitendewa vibaya, semeni, na semeni kwa mpangilio. Anzeni na muuguzi kiongozi wa wodi siku ile ile. Isipotatuliwa, nendeni kitengo cha huduma kwa wateja au kwa mganga mfawidhi, mkiwa na tarehe, saa, wodi na kilichotokea, bila matusi. Kupiga video wodini huwaanika wagonjwa wengine wasiohusika, na aliyekosea hujificha nyuma ya kosa lenu. Msiogope kwamba mkilalamika mgonjwa atatengwa. Likitokea hilo, ni lalamiko la pili, nalo liandikeni.

Siku ya kuruhusiwa msikimbilie bajaji. Ombeni karatasi ya kuruhusiwa yenye jina la ugonjwa, kilichofanyika na dawa, kisha kaeni na mfamasia dirishani muifungue kila bahasha. Pale juu pameandikwa 1×3. Hiyo ina maana kidonge kimoja kila saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Haina maana asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama, kwani usiku mzima mwili utabaki bila dawa. Dawa mseto ya malaria baada ya sindano ni siku 3 kamili, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki kila saa 12, na anywe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri. Dawa iliyokosekana dirishani, mwambieni mfamasia awaandikie jina lake halisi na nguvu yake, na aseme ipi inaweza kuchukua nafasi yake, kabla hamjaenda duka la nje.

Kisha ulizeni lini nyuzi zinatolewa, dalili gani ziwarudishe kabla ya tarehe, na kliniki ni siku gani, jengo lipi, saa ngapi. Ulizeni pia kama siku hiyo mgonjwa aje hajala, kwa sababu kipimo cha sukari ya kufunga kinataka saa 8 bila chakula. Daftari mje nalo siku hiyo.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Morogoro