Barua kwa wajukuu zangu wa sekondari: Wamarekani hawakumshinda Mwingereza kwa ujasiri tu

Marahaba wajukuu zangu, marahaba sana. Nimesoma majibu yenu ya lile swali la makoloni 13 ya Amerika yaliwezaje kumshinda Mwingereza, na karibu wote mmeandika kitu kimoja, eti walikuwa majasiri na waliipenda nchi yao. Haya, walikuwa majasiri. Lakini hata askari wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza walikuwa majasiri, kwenye vita ya Bunker Hill mwezi wa 6 mwaka 1775 walikipanda kile kilima mara tatu huku wanamiminiwa risasi, waliouawa na kujeruhiwa wakapita 1,000, na bado kilima wakakichukua. Kwa hiyo mwalimu akikupa maksi kwa jibu la ujasiri peke yake jua kakuhurumia.

Mimi nawashauri muanzie hapa: George Washington, mkuu wa jeshi la makoloni, alipigwa sana. New York kapigwa, Brandywine kapigwa, Germantown kapigwa, Philadelphia ambako ndo Kongresi yao, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, ilikuwa inakutana Waingereza wakaingia 1777 wakakaa humo mpaka mwaka uliofuata. Sasa mtu anapigwa hivyo halafu vita ya miaka 8 anaibuka mshindi, imekuwaje? Hilo ndo swali lenyewe, hayo mengine mapambo.

Mwingereza alikuwa na kila kitu, manowari nyingi kuliko taifa lolote, hela, askari waliofunzwa, na juu yake akakodi maelfu ya askari wa Kijerumani. Makoloni yalikuwa na watu kama milioni 2 na nusu, mmoja kati ya watano ni mtumwa, na wengine wengi tu walikuwa upande wa mfalme. Baruti shida, viatu shida, na hiyo Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi (ugomvi wenyewe ulianza kwa sababu ya kodi, halafu vita inaanza hawana kodi, hapa mnaruhusiwa kucheka), ikawa inachapa noti tu mpaka noti zikawa makaratasi.

Ila Mwingereza alikuwa na bahari katikati. Kilometa kama 5,000, amri inaandikwa London inafika baada ya mwezi au miwili, huku mambo yameshabadilika. Na nchi yenyewe haikuwa na mji mmoja ambao ukiuteka basi kwisha habari. Boston, New York, Philadelphia, Charleston, yote hiyo aliishika kwa nyakati tofauti na vita ikaendelea, maana watu wengi walikuwa mashambani, jeshi likipita wanatulia, likiondoka wanamgambo wanarudi. Kwa hiyo Mwingereza alitakiwa ammalize Washington, ila Washington alitakiwa tu asimalizwe. Ni kama timu ndogo ugenini inayopaki basi kutafuta sare, mashabiki wanazomea lakini pointi inapatikana.

Na kutomalizwa sio kukaa tu. Chukueni usiku wa tarehe 29 mwezi wa 8, 1776. Washington kashapigwa Long Island, pale New York, mbele yake jeshi la Mwingereza, nyuma yake mto East River, na manowari zinasubiri upepo ugeuke ziingie zimfungie. Wanajeshi kama 9,000 wamebanwa pale. Wakaitwa wavuvi wa Marblehead, watu wa Massachusetts waliozaliwa na makasia mkononi, chini ya John Glover, wakaanza kuvusha watu gizani boti kwa boti, mioto ya kambini imeachwa inawaka ili adui aone wapo, na amri ni kimya, hakuna kuongea. Kulipokucha kazi haijaisha, ukungu mzito ukashuka, wakamalizia humo humo kwenye ukungu. Mwingereza anafika kwenye mahandaki hakuna mtu. Hiyo sio ushindi, ni kukimbia, lakini wangekamatwa wale basi tusingekuwa na swali la kujibu leo.

Mwezi wa 12 mwaka huo huo jeshi limebaki kidogo na mikataba ya askari wengi inaisha tarehe 31, yaani mwaka mpya ukiingia wanaenda zao nyumbani kihalali kabisa. Ndo Washington akavuka mto Delaware usiku wa Krismasi na watu kama 2,400, barafu inaelea mtoni, wengine hawana viatu, asubuhi akawavamia wale Wajerumani wa kukodi pale Trenton akakamata kama 900. Kijeshi ni ushindi mdogo, lakini watu wakaona kumbe inawezekana, na baadhi ya askari wakakubali kubaki.

Jambo jingine ambalo hamliandiki kabisa ni ndui. Magonjwa yalikuwa yanaua askari kuliko risasi, na ndui ni mojawapo ya yale ya kutisha. Mwaka 1777 Washington akaamuru jeshi lake likingwe, na chanjo ya kisasa ilikuwa bado, walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui wakauweka kwenye mchanjo wa mkono wa mtu mzima wa afya, anaumwa kidogo halafu akipona haugui tena. Kufanya hivyo kwa jeshi zima katikati ya vita, huku adui yuko jirani, ni kitu cha kutisha. Kwangu mimi huu ndo uamuzi wake mkubwa kuliko hata Trenton, ingawa hakuna anayeuchorea picha.

Halafu Wafaransa. Hapa wengi mnapita mbio na ndo penye utamu. Ufaransa ilikuwa inaleta baruti na bunduki kwa siri tangu mwanzo, sio kwa kupenda uhuru, mfalme wao mwenyewe alikuwa anatawala atakavyo, ila walikuwa na kisasi, Mwingereza aliwapiga kwenye vita iliyoisha 1763 akawanyang'anya Kanada. Wakawa wanasubiri kuona hawa watu wana maana au la. Mwezi wa 10 mwaka 1777 jenerali wa Mwingereza, Burgoyne, akasalimu amri Saratoga, jimbo la New York, na jeshi lake zima, karibu watu 6,000, na mwezi wa 2 mwaka 1778 Ufaransa ikasaini mkataba na Wamarekani. Mwaka 1779 Hispania nayo ikaingia vitani dhidi ya Mwingereza. Kuanzia hapo hapigani na makoloni tu, analinda Gibraltar, visiwa vya Karibiani, mpaka India, manowari hazitoshi.

Sasa fungua ramani utafute Yorktown, Virginia. Cornwallis, jenerali wa Mwingereza, alifika pale 1781 akiwa hoi, maana kule kusini Nathanael Greene, jenerali wa Wamarekani, alikuwa anampiga chenga, pale Guilford Courthouse Cornwallis alishinda lakini akapoteza kama robo ya jeshi lake, ushindi gani huo. Akaweka kambi ukingoni mwa maji asubiri meli za kwao. Washington na Rochambeau, jenerali wa Wafaransa, walikuwa karibu na New York, wakajifanya wanataka kuishambulia, mpaka matanuri ya mikate yakajengwa New Jersey adui aamini jeshi litakaa hapo, kumbe wanashuka kusini kwa miguu. Tarehe 5 mwezi wa 9 manowari za Wafaransa chini ya de Grasse zikazifukuza za Mwingereza mdomoni mwa ghuba ya Chesapeake, mlango ukafungwa. Tarehe 19 mwezi wa 10 watu zaidi ya 7,000 wakabwaga silaha, Cornwallis akasema anaumwa akamtuma msaidizi wake. Mkataba wa amani ukasainiwa Paris 1783.

Sasa msiniandikie kwamba wote wakawa huru. Mwezi wa 11 mwaka 1775 gavana wa Mwingereza wa Virginia, Dunmore, alitangaza kuwa mtumwa wa muasi akija kupigana upande wa mfalme anapata uhuru wake, na katika miaka ya vita maelfu wakatoroka kwenda kwa Waingereza. Nyie mngekuwa pale mngekimbilia upande gani? Mmoja wao ni Harry, mzaliwa wa Afrika Magharibi, mtumwa wa Washington mwenyewe, alitoroka shambani kwake 1776. Vita ilipoisha akaondoka na Waingereza hadi Nova Scotia, huko Kanada, na 1792 akavuka tena bahari na wenzake zaidi ya 1,000 kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Kule kampuni iliyokuwa inatawala ikataka kuwatoza kodi ya ardhi, wakakataa, na 1800 wakaasi. Harry Washington alikuwemo, wakashindwa, akahukumiwa kufukuzwa Freetown. Hao hawakuwa na Mfaransa wa kuwaletea manowari.

Maswali leteni, ila mtu asinitumie saa 6 usiku, mimi nalala mapema.

Babu yenu