Mdogo wangu ameniharibia mteja wa meza ya pool

Shangazi salamu. Jogoo wanawika na mimi sijalala, kichwani ni maneno ya mdogo wangu tu. Mbele ya mteja, Shangazi! Na vijana wa boda wamekaa pale wanasikiliza.

Niko huku Malaba upande wetu wa Uganda, nina kibaa karibu na barabara ya malori, unajua dereva akikwama kwenye foleni ya forodha anataka soda baridi na gemu. Meza nilinunua mpya milioni nne na nusu, pesa yangu, si ya mume wala ya mtu, ile ya sarafu, unatia mia tano mipira inashuka. Sasa mwenye nyumba anataka chumba chake na ninapohamia ni padogo, ukivuta fimbo nyuma inagonga ukuta. Ndiyo nauza. Si njaa kama mdogo wangu anavyotangaza.

Mteja alitoka Tororo, mtu anayejua meza. Hakuangalia mbao, alichukua mpira mweupe akauviringisha polepole, ukaenda umenyooka, ukagusa raba, ukarudi mpaka mkononi kwake. Nilisema milioni mbili na laki nne, yeye mbili, tulikuwa tunamalizana. Ndipo mdogo wangu akadakia, "jiwe lake la chini ya kitambaa limepasuka hilo, unanunua kuni." Mteja akasema atapiga simu. Hajapiga.

Jiwe halijapasuka! Limemeguka kidogo pembeni ya mfuko mmoja, siku wabebaji walipoliachia, unajua uzito wa lile jiwe, fundi akaziba na kitambaa kikawekwa kipya juu. Mpira haupindi hata kidogo. Sasa hilo nalo ni la kumtangazia mteja kabla hajauliza?

Halafu jioni mdogo wangu anakuja, huyo huyo, eti yuko tayari kuichukua laki nane, alipe polepole. Kuni za laki nane? Baa zilipofungwa kwa ajili ya korona 2020 mpaka Januari 2022 wenzangu walitupa meza zao kwa bei ya aibu, mimi nikafunika yangu turubai, kila jua likitoka nafungua madirisha unyevu usile kitambaa, na yeye alikuwa anakula kwangu. Mama anapiga simu anasema mpe mdogo wako aanze maisha. Ningempa, Shangazi, kama angeniomba vizuri ndani ya nyumba ningempa hata kwa milioni moja. Lakini kunivua nguo mbele ya watu ili bei ishuke anunue yeye?

Saa nyingine nasema siuzi, niiweke hata nje chini ya mabati, ingawa najua mvua ya huku itaimaliza. Saa nyingine nataka iondoke leo leo nisiione.

Nimpigie yule wa Tororo mwenyewe au nitaonekana nina shida? Na nikimpigia, nimwambie la jiwe nishuke mpaka milioni moja na laki nane, au ninyamaze nishikilie mbili? Na Mama nimjibu nini, maana anapiga tena leo.