Kidonda cha Salumu

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi ni mzima, ila tangu niisome barua yako jana usiku sijatulia. Katikati ya habari za harusi umeandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba Salumu aling'atwa na mbwa kwenye kifundo cha mguu wiki mbili zilizopita, kwamba mbwa huyo hajaonekana tena, na kwamba shemeji hakumpeleka hospitali kwa kuwa kidonda kilifunga upesi.

Hamadi, kidonda kufunga si dalili ya usalama. Virusi vya kichaa cha mbwa vikishatoka kwenye mate ya mbwa na kuingia katika msuli, hushika ncha ya neva na kupanda nayo polepole, milimita kwa milimita, hadi uti wa mgongo na hatimaye ubongo. Muda wote huo mtoto hucheza, hula na hulala vizuri, kwa sababu virusi vimejificha ndani ya neva ambako kinga ya mwili haivioni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Mguu uko mbali na ubongo kuliko uso, nami nalishikilia hilo.

Vikishafika huvuruga mawasiliano ya seli za ubongo. Koo la mgonjwa hukaza hata akisogezewa kikombe cha maji, na hapo karibu hakuna anayepona. Wewe unamkumbuka Mwalimu: virusi vya herpesi vilimharibu sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, hata leo husoma mashairi aliyotufundisha bila kukosea, lakini hajui kwamba ulimtembelea asubuhi. Hata hivyo yeye alipata asikloviri, dawa ya kupambana na virusi hivyo, akaishi. Kichaa cha mbwa hakina dawa kama hiyo. Kina chanjo, nayo huokoa ikitangulia dalili. Julai 1885, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na majeraha mengi ya mbwa, naye akaishi hadi utu uzima. Wiki mbili zimepita, lakini hakuna daktari atakayewaambia mmechelewa maadamu mtoto hana dalili. Kwa hiyo rudi kwenye ule mstari wako mmoja, uusome tena kama ninavyousoma mimi, kisha ukamchukue Salumu.

Je, kidonda kilioshwa siku ile kwa sabuni na maji mengi, kwa robo saa nzima? Mbwa alichokozwa, au alimrukia tu? Kuna mtoto mwingine aliyeng'atwa? Salumu analalamika ganzi au mwasho mahali pale? Shemeji atakubali kwenda leo hii, au nizungumze naye mwenyewe? Na wakianza sindano, nani atahakikisha hazikatizwi?

Nipigie simu mkiwa njiani.

Wako,
Idrisa